Gari ya bosi imepita ukaguzi wa moshi

Jumanne, Jeddah

Imepita. Mara mbili ilikataliwa kwa moshi, na bosi alishasema ikikataliwa tena anaiuza, gari ya mbio ya zamani nzuri vile. Mimi kila mara nabadilisha plagi tu, maana ndicho nilichojifunza peke yangu.

Ami Seif, fundi wa mtaa wa Ruwais, hakubadilisha kitu. Aliisikiliza injini, akakaza skrubu ya kabureta kidogo. "Unaiendesha kama umembeba biharusi. Ikimbize njia ya Madina itapike masizi, na kwenye foleni ya ukaguzi usizime, isipoe."

Nikaikimbiza, na kwenye foleni sikuzima. Mshale wa joto unapanda, jasho linanitoka. Mkaguzi akatazama mashine yake. "Halas, yalla." Basi, imepita, niondoke.

Bosi haiuzi tena. Nilipomwambia Ami, hata hakuinua kichwa.

"Najua. Ushakula?"