Koti la Pasteri Ladislas Limebaki Chatsworth

Mwaka umezunguka tangu ututoke, Ladislas wangu, Baba Ruphin, na kila Alhamisi mimi bado nasikiliza mlango. Ndiyo siku uliyokuwa unarudi.

Hapa Durban hukuwa na kanisa la jengo. Kanisa lako lilikuwa saluni ya Laurette kule Point, sebule ya Ghislaine pale Sydenham, na gereji ya Désiré huko Chatsworth. Ulienda kwa taxi. Ukiikosa, ulitembea na Biblia kwapani. Ulibatiza, ulizika, ulipatanisha waliorushiana masufuria. Wagonjwa uliwaombea kwa sauti ndogo, ukisema Mungu si kiziwi.

Na kila safari ulirudi umepungukiwa kitu. Leo mwavuli, kesho kofia. Nilikuambia, "Pasteri, siku moja utarudi bila kichwa!" Wewe ulicheka tu, ukaomba chai.

Kwa siku ya leo nilitaka vitu vyako vilale nyumbani. Nikaenda na mjukuu wetu Iteka kuvikusanya. Laurette akashika mwavuli kwa mikono miwili: "Eish, Mama Pasteri, huu hapana! Alisema ukibaki hapa, lazima atarudi." Kwa Ghislaine kofia iko msumarini, hata vumbi hataki lifutwe. Kwa Désiré nikakuta kiti cha mbele cha ibada kimevikwa koti lako la kijivu.

"Ukilichukua hili, Mama," akasema, "watu watajua hatarudi tena."

Sasa nimechanganyikiwa. Kumbe uliviacha makusudi? Mbona mimi hukuniambia? Au ulisahau kweli, nao wamejitungia? Na nyumbani uliacha nini, ili urudi? Nimetafuta hadi chini ya kitanda.

Tulipofika nyumbani, Iteka akaniangalia kichwani. "Bibi, kitambaa chako kiko wapi?"

Kiko Chatsworth, juu ya koti lako. Nilikisahau? Nilikiacha? Hata mimi sijui.

Unakumbuka vitendawili vyetu vya jioni? Kila siku nilitega mimi, ukashindwa wewe, ukanipa mji. Hiki umenitegea wewe, na nimeshindwa. Haya, nakupa mji. Chukua Durban yote.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Marcelline, wanao Ruphin na Cathy, mkweo Serge, mjukuu wako Iteka, na kondoo wako wa Point, Sydenham na Chatsworth.

Vitu vyako tumeviacha palepale. Wewe hatutakusahau kamwe.