Kibao cha Mbuzi Asikikute

Mayasa,

Wali umo sufuriani, upashe moto. ~~Mpigie baba yako aje.~~ Usimpigie, yuko barabarani, ataendesha vibaya.

Nampeleka bibi yako hospitali. Asubuhi hii nimemkuta kakaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi, na daktari alishamkataza kukaa chini tangu alipowekewa nyonga ya chuma. Alipoinuka ikachomoka, mara ya pili hii. Mguu umepinda, na hata kulia hakulia. Huenda wakampasua tena. Naogopa, mwanangu.

Hicho kibao kitoe humu ndani, asikikute akirudi inshallah. Nazi usiitupe.

Jana ni mimi niliyenung'unika kuwa tui la pakiti halina ladha. Nilidhani amelala.

Mamako