Goti la Bibi na Unga wa Dumila

Mama, shikamoo. Uji nimeufunika jikoni. Yule muuza dawa wa Dumila akija, usimpe jogoo wetu kwa kopo jingine la unga wa kuondoa uvimbe.

Bibi alipoanza kuunywa nilizungusha uzi kwenye goti lake, nikaukata pale ncha zilipokutana. Leo asubuhi nimejaribu tena, ncha hazifikiani. Uvimbe umezidi! Bibi akanijibu, "Uzi wako umesinyaa, mjukuu wangu. Mimi nimeshapona." Na kitandani nimemwinua mimi!

~~Nitamwacha apumzike.~~ Hapana, trekta la kijiji linakwenda Kilosa, nampeleka hospitali. Mwambie balozi wa nyumba kumi leo sitafika shamba la ujamaa.

Bibi amekubali kwenda, ila kopo kalikumbatia. Anasema daktari akionja, naye ataagiza.

Mwanao, Siwema