Mguu wa Shangazi na Kifungu cha Tisa

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na afya, na sukari iwe kwenye chai ya wageni tu, si kwenye damu yako. Mimi mzima, ila mafua ya vumbi la plasta.

Ile karakana kubwa ya viungo bandia niliyokwenda kujaribiwa imenikubali. Walinipa mzee mmoja ambaye kila mguu aliotengenezewa aliurudisha. Nikamchongea kikombe kipya, pale kigutu kinapoingia. Akatembea mpaka dirishani, akachungulia barabarani, akarudi akauliza chakula ni saa ngapi. Mwenye karakana aliinuka papo hapo. Alikwenda kuleta mkataba.

Una kurasa kumi na moja. Nimesoma wa kwanza wenye mshahara na wa mwisho wenye nafasi ya saini. Mwisho wa mwezi naurudisha. Uliuza cherehani yako nisomee ufundi huu, Shangazi. Leo nimeukumbuka mlio wake nikashindwa kula.

Mwanao

10 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na hongera mara mia. Barua yako nimeisoma kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta, nikamsomea na yeye. Hatujambo. Mguu ulionitengenezea unacheza kidogo, maana kigutu kimepungua tena. Nimevaa soksi ya pili, nakusubiri uje uurekebishe, kwani huku fundi mwingine hakuna.

Sasa nisikilize. Kurasa tisa zilizobaki atazisoma nani? Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Tafuta wakili aupitie mkataba wote kabla hujatia saini. Wala usiseme utamwudhi mwajiri. Mtu anayeudhika ukisoma alichokuandikia, heri audhike mapema. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu limeshakwenda, linda lako.

Shangazi yako asiyejua sheria

22 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mwili mzima, moyo ndio unaochechemea.

Wakili nimempata, mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la viatu. Nilipanda ngazi kwa aibu, kama mtu anayekwenda kumsengenya mwajiri ambaye hata hajamwajiri. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kurasa nyingi akasema hazina neno. Kwenye kifungu cha tisa kidole kikasimama.

"Nje ya kazi, kuna mtu unamtengenezea miguu?"

"Hapana. Labda shangazi yangu tu."

"Unamtoza?"

"Shangazi?" Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanisomea: sitatengeneza wala kurekebisha kiungo bandia cha mtu yeyote nje ya karakana, kwa malipo au bila malipo, nikiwa kazini na miaka mitatu baada ya kuacha.

"Mtu yeyote," akasema, "na yeye yumo."

Amewaandikia kwa adabu, akiomba kibadilishwe. Wiki imepita, kimya. Jana nilipita pale, nikaona kijana mwingine kavaa aproni, anajaribiwa. Sisemi umenikosesha kazi, Shangazi. Lakini jingine la kusema sina.

Mwanao

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo mchana kutwa.

Tia saini. Nenda ukaombe radhi, sema shangazi yako ana maneno mengi. Mguu wangu usikufungie mlango. Magongo yangu bado yapo nyuma ya kabati. Nimeyapangusa, na jana yamenifikisha sokoni na kunirudisha. Makwapa yanauma kidogo, yatazoea. Ningekuwa na cherehani nyingine ningeiuza. Sina. Nina mguu huu tu.

Shangazi yako

21 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Mimi mzima, hata usingizi umerudi. Nisamehe kwa kimya. Sikutaka kukuandikia nikiwa mikono mitupu.

Sikwenda kuomba radhi. Barua yako niliipeleka kwa wakili. Aliisoma kwa kidole kama alivyosoma mkataba, akavua miwani, akampigia simu mwenye karakana palepale. Upande wa pili sikuusikia. Nilimsikia yeye tu: "Mzee, kifungu hiki umekiweka kujilinda na wezi wa wateja. Huyu hana mteja. Ana shangazi."

Kumbe mwajiri alikuwa safarini, ndiyo kwanza amerudi, na barua yetu ilimsubiri mezani haijafunguliwa. Alituita sote wawili. Akaeleza kwamba fundi mmoja alikuwa akiwadaka wagonjwa mlangoni na kuwapeleka kwake, ndipo akaandika kifungu kile. "Niliandika kwa hasira," akasema, "nikawafunga na wasiohusika." Sasa kimeandikwa upya: jamaa zangu ruhusa, bila malipo; na nikiacha kazi, ninaokatazwa ni wateja wa karakana tu. Mafundi wote wamebadilishiwa. Yule wa aproni tunakaa naye meza moja.

Nilimwuliza wakili nimshukuru vipi zaidi ya ada yake. Akasema, "Nisalimie aliyekutuma." Basi anakusalimu, nami nakushukuru. Jumamosi nakuja na vifaa vyangu.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku wazima, na tangu uondoke natembea mpaka watu wananiomba nikae. Mguu umenikaa kama umeota. Kila nikiuvaa asubuhi namwombea heri yule mama wakili, mfikishie. Namwombea na mwajiri wako, maana mtu mwenye cheo kusema "niliandika kwa hasira" si jambo dogo.

Shida ni jamaa. Tangu isikike kwamba jamaa wanatengenezewa bure, ukoo wetu umepanuka. Jana kaja fundi saa wa mtaa wa pili, mguu wake wa bandia umepasuka, akanieleza jinsi babu yake na babu yangu walivyokuwa ndugu. Babu yangu alizaliwa peke yake. Nikamkaribisha chai, nikamwacha amalize ukoo wote, kisha nikamwambia taratibu: mwanangu ametia saini, na saini yake ni neno langu pia. Nimempa anwani ya karakana. Anafika Jumatatu, atapita mlango wa mbele kama wateja wengine.

Mpokee vizuri. Na mwajiri wako akiuliza huyu katoka wapi, mwambie kaletwa na shangazi.

Shangazi yako