Ujumbe wa Saa Sita Mchana Katika Simu ya Baba

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Nasinu, Fiji, 20 Mei 2025
Jina: Seruwaia Vakaloloma. Umri: miaka 17. Kazi: mwanafunzi. Makazi: Nadera.

Mimi ni binti wa Isikeli Vakaloloma. Mama yangu, Vilisi, alifariki mwezi Februari. Siku ya maziko kila mmoja wetu alitaja kitu atakachojinyima mpaka usiku wa mia tangu kifo chake, tunapomaliza matanga. Mimi nilitaja sukari. Baba alitaja kasino ya mtandaoni, akaifuta alama yake kwenye simu mbele ya wote. Mjomba Peceli, kaka yake Mama, alimwambia, "Shemeji, wewe hata kufuga ndevu kulikushinda. Haya, tutaona." Watu walicheka. Siku zote wameishi kwa utani.

Mnamo tarehe 18 Mei, Jumapili, baada ya ibada, tulikuwa tunakula kwa Mjomba. Saa sita mchana simu ya Baba iliwaka mkekani. Niliusoma ujumbe: "Keli, umekula?" Ni Mama peke yake aliyemwita Baba Keli, na alimwandikia hivyo kila mchana. Baba aliangusha kipande cha dalo, yale magimbi yetu, akaufungua ujumbe. Skrini ikajaa rangi za kasino, na muziki wake.

Mjomba hakutania. Alisema, "Bwana Isikeli, ungetuambia tu kwamba umeshindwa."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita Baba "Bwana".

Baba alisema, "Nilidhani ni yeye." Kisha akatoka nje.

Jioni niliikagua simu. Programu ambayo kasino ilimtaka aipakue zamani ilikuwa bado imo, kwa jina jingine, na ruhusa ya kusoma jumbe zote, hata zile za Mama. Baba alidhani akifuta alama amefuta kila kitu. Nilimweleza Mjomba. Alijibu, "Mwanangu, kasino imjulie wapi mama yako?"

Usiku wa mia ni Jumamosi hii. Mjomba amesema Baba asiketi nasi mkekani. Baba hajitetei. Anatupikia, yeye hali.

Naomba polisi wamweleze Mjomba kwamba Baba hakurudi kucheza, maana mimi akinisikiliza ananiona mtoto. Nataka amtanie Baba tena.

Niliyoyasema niliyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, nimekubali.

Sahihi: S. Vakaloloma

Maelezo ya afisa: Nimepokea simu kama kielelezo. Shahidi alipokuwa anaweka sahihi, saa sita mchana, simu iliwaka: "Keli, umekula?" Nilitaka kuizima. Shahidi aliniomba nisubiri kidogo.
Koplo Roneel Dayal