Jicho la Mkiani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bosibori Abner. Umri: miaka 22. Kazi: kuchuma majani chai. Makao: Birongo, Kisii.

Mimi ni mke wa Abner, fundi wa redio soko la Keumbu. Mtoto wetu Nyakerario ana miezi minne, niko naye hapa mgongoni.

Mnamo Jumatano tarehe 14 Agosti 1996, asubuhi, nilimpelekea bwanangu uji kwenye uwanja wa ndege ndogo karibu na kwetu. Alikuwa ameitwa na Ronak, rubani, mtoto wa mwenye duka la vitambaa mjini Kisii. Ndege ya Ronak huvuta kwa kamba ndege ingine isiyo na injini, ikifika juu inaiachilia. Juzi hiyo inayovutwa ilipanda sana, ikainua mkia wa ndege ya Ronak, naye haoni nyuma, akaponea chupuchupu kuanguka. Ndiyo Abner akamfungia kamera mkiani, na televisheni ndogo mbele yake.

Watu walisimama wakiangalia. Mmoja akauliza, "Fundi, hicho ni nini?"

Bwanangu anapenda mzaha. Akajibu kwa Kikisii, "Eriso." Yaani jicho. "Na halipepesi. Litaona mpaka mboga mnapika."

Walicheka. Jirani yetu Drusilla hakucheka, mtoto wake ana upele mwili mzima. Kwetu tunaogopa ebibiriria, jicho baya linaloharibu ngozi ya mtoto mchanga. Akaniambia, "Bosibori, funika wako. Huyo umeolewa naye ni mrogi."

Ndege ikaruka, ikapita juu ya maboma. Mtoto wa Drusilla akalia, akakataa kunyamaza. Saa sita watu walirudi na mawe na nyasi kavu za kumchomea mrogi. Ronak alikuwa bado juu. Abner alikimbilia stoo ya mafuta ya ndege, akajifungia. Akaniita kwa dirisha, "Mama Nyakerario, enda. Usilie, watakuangalia."

Nimekuja mbio hapa kituo cha polisi. Koplo amesema maelezo kwanza, gari baadaye. Koplo, Abner hata kuku hachinji, mimi ndiye huchinja. Nikitoka, mlango ulikuwa haujavunjwa, na alikuwa anaimba wimbo wa kanisa ndani, kwa nguvu, ili nimsikie. Najua bado anaimba.

Hayo niliyosema nimeyaona mwenyewe. Usinisomee tena, nakubali yote. Kidole niweke wapi?

(Alama ya kidole gumba)

Maelezo yameandikwa nami. Shahidi hakusomewa, kwa ombi lake. Gari limeondoka saa nane kasoro robo. Shahidi ameingia na mtoto, amekataa kushuka.

Koplo Mogaka