Mvua Imepona

Maabara ya shule,
Alhamisi, saa nne asubuhi.

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikufuate huko ghalani, zikukute mzima wa viungo vyote. Mgongo vipi? Na kile kikohozi cha vumbi la saruji kimekuachia, au bado mnalala pamoja? Ulipomwandikia Mama kwamba msimamizi anawafungia mlango kwa nje tangu asubuhi mpaka jioni, alinipa barua nimsomee mara mbili, kisha akaikunja akaiweka chini ya mto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Mama analalamikia magoti, na bomba la bafuni limeziba tena. Tunaoga tumesimama ndani ya maji yetu wenyewe. Hatuna tena wa kutuletea asidi ya betri ya kulizibulia, ile uliyokuwa ukiitia kwenye chupa ya sharubati na kuipitisha getini kiwandani chini ya chombo chako cha chakula. Fundi bomba alikuja, akachungulia, akatikisa kichwa, akanywa chai, akaenda zake.

Nimejifungia maabara kwa ufunguo ili niandike. Wanafunzi wako kwenye mtihani wa hesabu, hakuna atakayenigongea kabla ya saa sita. Simu nimeishika mara nyingi nikupigie, nikaishusha. Kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa tu napata mlango wa kutorokea, unanijua.

Habari kubwa ni kwamba mvua zimeanza, hii ni wiki ya pili. Kazi yangu ni ileile uliyokuwa ukiicheka. Ikinyesha, napanda ngazi ya nyuma mpaka juu ya paa, natoa chupa iliyo chini ya faneli inayokinga mvua, nashuka nayo, nachovya karatasi, natazama rangi, naandika namba. Saba ni maji yasiyoegemea upande wowote, na namba ikishuka ujue asidi imepanda. Halafu najaza kichupa kingine kwa ajili ya maabara kuu. Wewe ndiye uliyenibatiza Profesa wa Matone, na wakati ule nilinuna. Sasa natamani mtu aniite hivyo, maana mtaa mzima unaniita Mkombozi.

Usicheke. Tangu ile mvua ya mwisho ya msimu uliopita itoe namba tatu, na tatu hiyo ikakifunga kiwanda cha betri na kuwatoa kazini wewe na wenzako mia mbili na ushee, mimi nimekuwa mtu mzito hapa. Muuza miamvuli amenipa mwamvuli bure na kukataa katakata malipo, anasema tangu aanze biashara hajawahi kuona msimu kama huu. Fundi cherehani aliunguza gauni la mteja kwa pasi, akamwambia ni mvua ya asidi, mteja akaja kwangu nimthibitishie. Jirani yetu mwenye upara anadai nywele zake zilikwenda na mvua ile, ilhali mimi na wewe tunajua upara ule tumeukuta. Mabati yaliyokuwa na kutu tangu tukiwa watoto yamepata mtu wa kumsingizia.

Darasani najaribu kuwaeleza wanafunzi kwamba asidi si jini. Iko kwenye limau, iko kwenye siki, iko tumboni mwa kila mmoja wao ikisaga chakula. Hata mvua safi kabisa, iliyonyesha mahali pasipo na kiwanda wala gari, ina asidi kidogo, kwa sababu inashuka ikibeba ile hewa tunayoitoa puani. Wanaandika vizuri sana kwenye madaftari. Kisha kengele inalia, wingu linatanda, na wote wanakimbia wamefunika vichwa kwa madaftari hayohayo.

Lakini wao nawasamehe. Anayeniumiza ni Mama. Unakumbuka alivyokuwa mvua ya kwanza ikianguka? Alikuwa akiacha sufuria jikoni, anatoka uani bila viatu, anaisimamia mpaka nguo zimgande, anatuita na sisi tutoke tupate rehema. Sasa ikinguruma tu anafunga madirisha, anaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa, anakaa kitandani miguu juu. Siku tatu wiki iliyopita hakutoka hata kwenda dukani. Nyumba inakuwa na joto, hewa nzito, mimi na yeye tunatazamana. Nimemwambia mvua hii haina neno. Akanijibu kwamba hata mara ile tuliiona ni mvua tu, mpaka mwanawe alipoipima.

Na namba za sasa ni nzuri, mdogo wangu. Ndizo zinazonimaliza. Tano na nusu, tano na nusu, tano nukta sita. Mvua ya kawaida kabisa. Mwalimu mkuu aliziandika kwa chaki kwenye ubao wa matangazo, juu yake akaweka maneno makubwa: MVUA IMEPONA. Watu wakapita wakasoma wakapiga makofi. Walisema kiwanda kimefungwa na mvua imepona, sasa ushahidi gani tena unatakiwa? Yule mkaguzi aliyekuja kukifunga kiwanda mara ya kwanza amerudi na faili lake. Amesema Jumatatu kuna kikao, na hapo kiwanda kitafungwa moja kwa moja, mitambo ifunguliwe na kuuzwa. Anataka nisimame mbele ya watu nieleze nilivyopima ile tatu. Alinisifu kwamba maabara kuu ilihakikisha asidi iliyokuwa kwenye mvua yangu ni aina ileile inayotiwa kwenye betri za kiwanda. Akasema ni mara chache katika kazi yake kupata ushahidi uliokaa sawasawa namna hiyo.

Kwa kweli umekaa sawasawa. Sasa nisikilize, na kama umesimama, kaa chini.

Asubuhi ile ya mvua ya mwisho niliikuta chupa ya kwenye faneli ina ufa. Hapana, samahani, nachanganya, ilikuwa jioni ya kuamkia siku hiyo. Jioni niliiona ina ufa, asubuhi yake mawingu yalikuwa meusi na sikuwa na chupa nyingine. Nilipokuwa natoka kuoga niliona chupa tupu ya sharubati dirishani bafuni, ina kifuniko, safi, haina harufu yoyote, nikadhani ni ya kinywaji tu. Nikaitia mkobani. Nikaiweka chini ya faneli. Mimi ninayewafokea watoto wa watu kwamba chombo husuuzwa mara tatu kabla ya kipimo, sikuisuuza hata mara moja, kwa sababu matone yalikuwa yameshaanza kunipiga kichwani na darasa lilikuwa likinisubiri. Mvua ikanyesha, chupa ikajaa, karatasi ikawa nyekundu. Nilishangilia. Mungu anisamehe, nilishangilia peke yangu humu ndani kama mtu aliyeokota lulu.

Sikujua. Naapa sikujua mpaka siku kumi na nne baadaye, wewe ulipokuwa umeshaondoka, Mama aliponiuliza ile chupa yako ya asidi iko wapi, alikuwa ameiacha dirishani baada ya kuimimina bombani. Matone mawili ya ile asidi, mdogo wangu, yaliyobaki kitakoni mwa chupa, yanatosha. Nimejaribu humu maabara: matone mawili ndani ya maji safi nusu lita, na karatasi inatoa tatu. Asidi ya kiwanda haikutoka mawinguni. Ilitoka getini chini ya chakula chako, ikaja nyumbani kwetu kwa wema wako, na mimi nikaipandisha juu ya paa.

Ningeweza kusema siku ileile. Niliiambia nafsi yangu nisubiri mvua nyingine nipime tena, ukweli ujitokeze wenyewe. Lakini kiangazi kilikuwa kimeingia, miezi sita bila tone. Na mvua ilipokuja ikiwa safi, wakasema imepona. Nikipima vizuri, uongo wangu unazidi nguvu. Sisemi kiwanda kile kilikuwa malaika. Moshi wake sote tuliukohoa, na kama mtu ataupima vizuri akaukuta na sumu, wakifunge na mimi nitashika kufuli. Ila mimi sikupima moshi. Nilipima chupa yetu.

Siku unafunga begi nilikuambia mshahara wako unanuka sumu. Ukanijibu kwamba bomba la bafuni halikuwahi kulalamika. Nilikasirika nikakataa kukusindikiza. Neno lile linanirudia kila ninapoingia kuoga. Nisamehe.

Sasa kilichonikwamisha ni hiki. Nikisema ukweli wote, kiwanda huenda kikafunguliwa na wenzako wakarudi, lakini wataniuliza asidi ile ilifikaje dirishani kwetu. Unajua mlinzi wa getini anavyotunza orodha yake. Aliyetoka na hata msumari harudi, na wewe ungebaki kwenye ghala hilo na jina la mwizi juu. Nikinyamaza, mitambo inauzwa. Nimezunguka humu ndani ya hoja hizi wiki mbili, kila mlango ninaousukuma unafungukia chumba kilekile.

Basi nimeamua. Barua hii itakufikia baada ya Jumatatu, na nimekusudia hivyo ili usinizuie. Nitasimama nitasema chupa ilikuwa chafu, na kipimo ni cha kutupa. Wakiniuliza uchafu ulitoka wapi, nitasema ni asidi ya hapa shuleni. Kabati la asidi lina ufunguo mmoja tu na ninao mimi, na asidi iliyomo ni ya aina ileile. Watanivua ufunguo, pengine na kazi. Mkombozi ataitwa jina jingine, na yule mwenye upara ndiye atakayeanza. Najua nasahihisha uongo kwa uongo. Huu angalau unanifunga mimi peke yangu.

Ninachokuomba ni kimoja. Wakikuita kiwandani, rudi. Ingia getini, msalimie mlinzi, fanya kazi yako. Na usije ukafungua mdomo kunitetea, hata ukisikia wananisema vipi. Najua nakutwika mzigo mzito kuliko mfuko wa saruji, lakini ukisema, nitakuwa nimepoteza vyote viwili.

Naimalizia barua nyumbani. Mama anakusalimu sana, anauliza kama shuka alizokupa bado zinakutosha, na anasema ule. Shangazi naye anakusalimu. Mama hajui lolote kati ya haya. Atayasikia Jumatatu pamoja na wengine.

Mvua imenikuta njiani, na mwamvuli wa bure nimeusahau maabara. Nimefika nimelowa chapachapa. Mama ameacha kitanda chake, magoti na yote, amekuja na taulo akinifokea, amenifuta kichwa, shingo, mikono, mpaka katikati ya vidole, haraka haraka, huku akiomba isiwe imeshaingia kwenye ngozi. Nilitaka kumwambia ni maji tu, Mama. Nimenyoosha mikono nikafutwa.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Profesa wa Matone